Jeki ya chupa inaposumbua: dalili, sababu, na pale pa kuacha

Jeki nyingi za chupa, yaani zile fupi za mafuta zinazosimama wima, zinazoletwa kwa fundi hapa Kigoma kwa jina la "imekufa" hazijafa. Moja imepungukiwa mafuta, nyingine imeingiza hewa, na nyingine skrubu yake ya kushushia haikufungwa tu, utingo akahangaika nayo kando ya barabara ya Kasulu mpaka jua likazama. Kwa hiyo naanza kila mara na vitu unavyoweza kukagua bila kufungua nati hata moja, ndipo tuingie ndani. Vichwa vya habari ni malalamiko yenyewe, kwa maneno ya madereva wa Fuso, Hiace na michomoko, yaani magari madogo ya abiria. Chini ya kila lalamiko, sababu inayotajwa kwanza ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi.

Kabla ya yote: jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Gari likishapanda linakaa juu ya stendi za chuma, au juu ya magogo mazito yaliyopangwa kwa kupishana. Kichwa, mkono na mguu haviingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika ile moja ya kuokota nati. Hii si hofu ya mtu mwoga wa magari. Ndani ya jeki, kinachozuia mzigo usishuke ni pete ya mpira, yaani sili, na kagololi kadogo kalikokalia tundu lake. Kimoja kikiachia, hakipigi honi kwanza.

Inavyofanya kazi, kwa ufupi. Ukisukuma mkono wa jeki, pistoni ndogo inasukuma mafuta chini ya pistoni kubwa. Tuseme ndogo ina kipenyo cha milimita 10 na kubwa 30: eneo la kubwa ni mara 9 ya ndogo, kwa hiyo nguvu nayo inaongezeka mara 9. Mkono wenyewe ukikuzidishia mara 15, kilo 20 za mkono wako zinakuwa kilo 2,700 juu. Gololi mbili zinaongoza njia: moja inaruhusu mafuta yatoke kwenye hifadhi, yaani tangi dogo la ndani ya jeki, kwenda kwenye pampu, nyingine inayaruhusu yaende chini ya pistoni kubwa na kuyazuia yasirudi. Skrubu ya kushushia inafungua mlango wa kurudishia. Ukiyakumbuka haya, dalili nyingi zitajieleza zenyewe.

"Nasukuma mkono, haipandi kabisa"

Anza na skrubu ya kushushia. Ncha ya mkono wa jeki imekatwa mwanya kwa ajili hiyo; izungushe kulia mpaka ikaze. Nguvu ya kiganja inatosha. Anayeikaza kwa praisi au spana ya bomba anakibonyeza kiti cha gololi, pale inapokalia, na siku hiyo ndipo tatizo la kweli linapozaliwa.

Ikiwa imefungwa vizuri na bado haipandi, fikiria hewa. Jeki inayosafiri imelala chini ya kiti, ikirukaruka njia nzima, huingiza hewa kwenye pampu. Isimamishe wima bila mzigo, fungua skrubu mzunguko mmoja kwenda kushoto, sukuma mkono haraka mara 10 hadi 15, kisha funga na ujaribu tena. Wakati mwingine unarudia mara mbili. Jeki nyingi zinazosemwa zimekufa hufufukia hapa.

Bado? Angalia mafuta. Pistoni iwe chini kabisa, jeki iwe wima mahali pa usawa. Ubavuni kuna kizibo kidogo cha mpira. Futa vumbi pembeni yake kabla ya kukitoa, la sivyo mchanga unaingia ndani nawe ukiangalia. Kwa jeki nyingi mafuta yanatakiwa yafike ukingo wa chini wa tundu hilo. Yakiwa chini, ongeza kidogo kidogo, toa hewa tena, pima tena.

Kinachobaki baada ya hapo ni uchafu chini ya gololi au sili ya pampu iliyolika, na hizo zinadai jeki ifunguliwe.

Kuhusu mafuta yenyewe

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu nusu ya uharibifu ninaouona unaanzia kwenye chupa iliyokuwa karibu.

Mafuta sahihi ni ya haidroliki, mepesi, ya daraja la 15, 22 au 32; namba hiyo huandikwa kwenye chombo baada ya herufi VG. Mafuta ya breki usiweke kamwe. Yametengenezwa kwa ajili ya mpira wa aina nyingine. Sili za jeki yakizigusa huvimba, hulainika, na baada ya muda mfupi hunyofoka vipande. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza jeki inafanya kazi vizuri, kwa hiyo mtu anaapa kwamba mafuta ya breki hayana neno. Oili ya injini ni nzito mno na ina dawa za kusafishia zisizohitajika humo. Dizeli ni nyepesi mno, inapenya kila upenyo.

Na mawese. Ndiyo, nimeyaona. Mkoa wetu umejaa michikichi, na dumu la mawese halikosekani kwenye gari linalotoka vijijini, basi dereva aliyekwama anamimina. Mawese huganda hali ya hewa ikipoa. Asubuhi ya Buhigwe au Heru Juu jeki hiyo itakuwa na uji ndani, haitapanda wala kushuka. Isitoshe, mafuta ya kupikia huchacha na kuacha utando unaonata kwenye gololi. Ukishaweka mojawapo ya hivi, kumwaga na kujaza upya hakutoshi. Lazima jeki ifunguliwe, ioshwe, na kama ilikuwa na mafuta ya breki, sili zote zibadilishwe.

"Ikiwa tupu inapanda, ikibeba gari inagoma"

Soma namba ya tani iliyoandikwa kwenye jeki, kisha utazame mzigo wako. Jeki ya tani 2 iliyotoka kwenye gari dogo haina kazi chini ya ekseli ya nyuma ya Fuso iliyojaa chumvi ya Uvinza. Jeki nyingi zina valvu ya usalama inayofunguka mzigo ukizidi, mafuta yakarudi kwenye hifadhi: mkono unakuwa laini na pistoni haisogei. Hapo jeki haijaharibika, inakukatalia kwa haki. Valvu hiyo imepangwa kiwandani. Usiizungushe, hata kama jirani anajua "kuiongeza nguvu".

Kwa sababu hiyo hiyo usichomeke bomba refu kwenye mkono wa jeki. Urefu wa mkono ulipimwa ili nguvu ya mtu mmoja ifikie tani zilizoandikwa, si zaidi. Ukijikuta unauning'inia kwa uzito wa mwili, simama. Shusha mizigo au tafuta jeki kubwa zaidi.

Mzigo ukiwa sawa na inagoma bado, kaza skrubu ya kushushia tena, maana kulegea kidogo hakuonekani jeki ikiwa tupu. Kisha hewa, kisha kiwango cha mafuta. Yote yakiwa sawa, sili ya pistoni imechoka.

"Inapanda vizuri, halafu inashuka yenyewe"

Hii ndiyo dalili ya kuogopa. Jeki isiyopanda inakuchelewesha tu, hii inakudanganya.

Ipime ukiwa mbali na chini ya gari. Magurudumu yawe na kabari, stendi ziwe tayari chini ya chesisi zikiacha nafasi ya sentimita 2 au 3. Nyanyua, piga mstari wa chaki kwenye pistoni pale inapotokea, subiri dakika 10. Mstari ukizama, jeki inashuka, na haijalishi ni kwa milimita ngapi.

Sababu ya kawaida ni punje ya uchafu kwenye kiti cha skrubu ya kushushia. Toa mzigo wote, fungua skrubu mizunguko miwili, sukuma mkono mara kadhaa ili mafuta yapite kwa kasi na kulisukuma taka, kisha funga. Mara nyingi inatosha.

Isipotosha, tazama mkono wa jeki. Ukinyanyuka wenyewe ukiwa umeuachia, gololi ya kupeleka mafuta haikai vizuri, na mzigo unausukuma mkono kupitia pampu. Usisimame ukiwa umeinamia mkono huo. Mkono wa namna hiyo umewahi kumpiga mtu kidevuni. Mkono ukitulia na mafuta yakajaa kuzunguka shingo ya pistoni, sili kubwa imekwisha. Mkono ukitulia na kila mahali pakavu, rudi kwenye skrubu: kiti chake huenda kimeharibika.

Kisha kuna pistoni yenyewe. Ifute, ipitishie ukucha toka juu hadi chini. Ukucha ukikwama kwenye shimo au mkwaruzo, hakuna sili itakayodumu hapo, kwa sababu kila ikipanda na kushuka inakatwa. Jeki zinazokaa kwenye magari ya chumvi huoza hivi mapema, na zile za kwenye maboti ya ziwani zinazowekwa sakafuni kwenye maji. Usiisugue pistoni kwa msasa ukidhani unaisafisha, unaipunguza. Jeki yenye pistoni ya namna hiyo haitengenezeki kwa gharama yenye maana. Nunua nyingine.

Sili si jambo dogo. Joseph Bramah wa Uingereza alipopata hataza ya mashine yake ya kukandamiza kwa nguvu ya maji mwaka 1795, kilichomsumbua kilikuwa hicho hicho, namna ya kuzuia maji yasitoke kando ya pistoni. Henry Maudslay, fundi wa karakana yake, ndiye anayesifiwa kwa kulitatua kwa kikombe cha ngozi kinachobanwa zaidi kadiri shinikizo linavyopanda. Sili ya jeki yako inafanya kazi kwa kanuni hiyo. Ndiyo maana kipande kilichokatwa kwenye tyubu ya baiskeli hakiwezi kuchukua nafasi yake, hata kikikatwa kwa ustadi gani.

"Inapanda nusu tu" na "inadundadunda"

Kupanda nusu ni mafuta machache, karibu kila mara. Ongeza, toa hewa. Kudunda, yaani mkono kuwa kama unasukuma sponji, ni hewa. Toa kama nilivyoeleza juu. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, yameingia maji. Mwaga yote, weka mapya.

"Haitaki kushuka"

Ikiwa tupu, kwanza tazama ile skrubu ya kurefushia iliyo kichwani. Wengi huizungusha juu kisha husahau, wakadhani pistoni ndiyo iliyokwama. Pili, mafuta yamejazwa kupita kiasi, hayana pa kurudi: toa kizibo, punguza mpaka ukingo wa tundu. Tatu, pistoni ni kavu au ina kutu. Ifute, ipake mafuta, isukume kwa mkono. Pistoni iliyopinda haitashuka na haifai kunyooshwa kwa nyundo.

Ikiwa bado ina gari juu, mambo ni tofauti. Usiendelee kuifungua skrubu mizunguko mingi ukitumaini itaachia. Ikitoka yote, mafuta yanaruka na gari linaanguka kwa mkupuo. Weka jeki ya pili pembeni, ipokee uzito, ondoa ile iliyokwama taratibu, ndipo uichunguze. Na hata jeki nzima hushushwa hivyo: robo mzunguko, subiri, robo nyingine.

"Inavuja"

Ifute kavu, isimamishe juu ya karatasi usiku mmoja, asubuhi utaona. Kwenye kizibo: mafuta yamezidi, au kizibo kimepasuka, au jeki ililazwa. Kwenye skrubu ya kushushia: oringi yake, pete ndogo ya mpira, imechoka, kazi rahisi. Kwenye pampu: sili ya pampu. Kwenye shingo ya pistoni: sili kubwa. Kwenye kitako, kutoka kwenye ufa wa chuma: itupe. Usiichomelee. Joto la kuchomelea hubadilisha chuma na huunguza sili zilizo ndani, na ufa hurudi pembeni ya pale palipochomelewa.

Usitafute uvujaji kwa kidole jeki ikiwa na mzigo. Tani 2 juu ya pistoni ya milimita 30 ni takriban kilo 280 kwa kila sentimita ya mraba, zaidi ya mara 100 ya upepo ulio kwenye tairi la gari dogo. Mafuta yakitoka kwenye tundu dogo kama la sindano kwa nguvu hiyo hupenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama kuchomwa na mwiba, mara nyingine hakiumi saa za mwanzo, huku mafuta yakiua nyama ndani ya kidole. Ikikutokea, usisubiri kivimbe: nenda hospitali siku hiyo hiyo, Maweni kama uko mjini, na useme wazi kwamba ni mafuta ya jeki yaliyoingia kwa shinikizo.

"Jeki ni nzima, lakini inainama"

Kosa hapa ni la ardhi, au la pale ilipowekwa. Kuanzia Novemba hadi Aprili udongo mwekundu wa Kasulu ukishalowa unaonekana mgumu juu, lakini kitako kidogo cha jeki kinazama upande mmoja baada ya gari kuachia ardhi, wakati ambapo hutaki kabisa jambo hilo litokee. Tembea na ubao wa mninga au mti mwingine mgumu, wenye unene wa sentimita 5 na upana wa sentimita 40 hivi kila upande. Tofali usitumie, la kuchoma wala la saruji. Tofali halitoi onyo, hupasuka mara moja. Jiwe la mviringo nalo ni vivyo hivyo.

Ikiwa jeki ni fupi, ongeza kimo chini yake, kwenye ubao, si juu ya kichwa chake. Kipande cha mti kilichowekwa kati ya pistoni na ekseli kinateleza au kupasuka na kuruka. Kichwa cha jeki kiwe kikavu, kisiwe na grisi, na kiguse ekseli au sehemu iliyotengwa na mwenye kiwanda. Usikiweke chini ya sampo (beseni la oili) la injini, wala kwenye ncha ya boliti.

Barabara ya Manyovu ina vilima, na pancha haichagui. Ukiweza kulisogeza gari polepole hadi pa usawa, lisogeze hata kama tairi litaharibika. Tairi lina bei, uhai hauna. Usipoweza, gia iingie, breki ya mkono ivutwe, kabari ziwekwe kwenye magurudumu yanayobaki chini, upande wa mteremko kwanza. Abiria wote washuke, pamoja na mama aliyelala na mtoto kiti cha nyuma. Nati za gurudumu zilegezwe nusu mzunguko gari likiwa bado chini, maana kuvutana na spana jeki ikiwa juu ndiko kunakoliangusha. Gurudumu la akiba lilaze chini ya chesisi wakati unabadilisha. Haliruhusu mtu kuingia chini ya gari, ila jeki ikianguka gari litalikalia hilo badala ya mguu wako.

Jeki ya chupa hufanya kazi wima. Ukiilaza kusukumia kitu, pampu huvuta hewa. Ikiwa hakuna njia nyingine, pampu yake iwe upande wa chini, na kama maelekezo ya jeki yanakataza, basi imekataliwa.

Kufungua mwenyewe, au kumpelekea fundi

Kubadilisha mafuta, kutoa hewa, kubadilisha kizibo na oringi ya skrubu ya kushushia, hayo dereva mwangalifu anaweza. Sili za pampu na pistoni zinahitaji meza safi, vaisi, na seti ya sili yenye vipimo vya jeki hiyo hiyo. Toa pistoni na sili ya zamani uende nazo dukani. Kukadiria kwa macho kunakula pesa mara mbili. Vipuri vioshwe kwa mafuta ya taa, vikauke, visifutwe kwa kitambaa kinachotoa nyuzi. Hesabu gololi na springi kadiri zinavyotoka, na uweke kila moja na tundu lake, kwa sababu gololi ndogo ikiingia tundu la kubwa jeki itaunganika vizuri na haitanyanyua hata baiskeli.

Acha na umwite fundi wa haidroliki ikiwa inashuka hata baada ya kusafisha skrubu, ikiwa pistoni imepinda au ina mashimo, kitako kina ufa, valvu ya usalama imewahi kuchezewa, au jeki ilianguka ikiwa na gari. Lori lililopakia likiwa limelala juu ya jeki mbovu, usijaribu kuliokoa na watu wenye nia njema na magogo. Weka matawi barabarani pande zote mbili, watu wakae mbali, itafutwe jeki yenye uwezo na mtu anayeijua.

Jeki ikirudi kutoka kwa fundi, usiijaribu njiani. Ipe nusu ya uzito wake ulioandikwa, stendi zikiwa chini, chaki kwenye pistoni, dakika 10. Kisha uzito wa gari lako ikiwa halizidi tani zake, dakika 10 nyingine. Fundi asiyekubali ufanye hivyo mbele yake, usimlipe kwanza.